Ukuta wangu umepasuka Utawala: wa kulaumiwa ni ardhi au mimi?

Ufa ulianza kwenye kona ya dirisha la jikoni la nyumba yangu ya Utawala, mtaa wa mashariki mwa Nairobi, mwembamba kama unywele. Hiyo ilikuwa Januari. Niliupaka rangi nikausahau. Kufikia Machi, jua likiwa bado limetukalia utosini, sarafu ya shilingi 10 ilikuwa inaingia humo na kusimama wima bila kushikwa. Kisha masika ikafika, mvua ikanyesha usiku na mchana, na ufa ukaanza kujifunga wenyewe. Nilifurahi siku mbili tatu, mpaka mlango wa bafu ukakataa kufunga.

Nikamwita fundi aliyenijengea, mzee mmoja wa Kangundo. Alizunguka nyumba kimyakimya, akachuchumaa pale konani, akachota tonge la udongo na kulifinyanga kiganjani kama anayepima unga wa chapati.

“Mama, nyumba haina neno. Kinachotembea ni udongo.”

“Unatembea kwenda wapi, mzee?”

“Juu na chini. Huku Utawala nyumba zote zinapanda na kushuka. Yako imeamua kupanda upande mmoja.”

Jibu hilo limekaa nami, maana limebeba ule ubishi unaozuka Nairobi kila baada ya maafa: ni ardhi, au ni sisi? Jengo likianguka Huruma, bonde likipasuka Mai Mahiu, mto ukiingia vitandani Mathare, vipindi vya redio vya asubuhi hugawanyika kambi mbili. Huyu anapiga simu kusema ni mapenzi ya Mungu, yule anasema ni hongo. Nimeanza kushuku kwamba wote wawili wanalitazama jambo kwa jicho moja, na ufa wangu wa jikoni unatosha kuonyesha kwa nini.

Lazima tuanzie mbali kidogo. Miaka milioni kadhaa iliyopita, Bonde la Ufa lilipokuwa likifunguka magharibi mwa hapa jiji lilipo, volkano za ukingoni mwake zilitapika lava na majivu, tabaka juu ya tabaka, na sehemu kubwa ikamwagikia mashariki. Vilima vya Ngong ni mabaki ya volkano moja ya aina hiyo. Ukisimama kule juu, karibu na mitambo ya upepo, ukatazama upande wa Magadi, utaona mlima umekatika ghafla: kipande chake cha magharibi kilizama pamoja na bonde. Sehemu ya lava iliyotandaa huku kwetu ni ya aina iitwayo fonolaiti, jina lenye maana ya jiwe linalolia. Chukua bamba lake jembamba uligonge kwa nyundo, litatoa mlio kama wa kengele. Vijana wanaoponda kokoto huko Mlolongo wanaujua mlio huo kuliko profesa yeyote.

Lava hiyo iliganda ikawa uwanda. Mvua ikinyesha juu ya uwanda, maji hayana pa kukimbilia. Yanakaa, yanaozesha mwamba polepole, na madini yanayoyeyuka hayaendi mbali. Yanaungana upya kuwa ufinyanzi mweusi ambao kila mtu wa mjengo Nairobi huuita bleki kotoni. Kule Kikuyu, Karen na Westlands, kwenye migongo yenye mteremko, maji hupita na kubeba sehemu ya madini. Kinachobaki kwa wingi ni chuma, na chuma kikipata hewa hushika kutu. Ndiyo maana udongo wa kule ni mwekundu, na nyumba za kule zimetulia.

Chembe za udongo mweusi zimepangana kama kurasa za daftari. Maji yakija hupenya katikati ya kurasa, daftari likafura. Jua likija maji hutoka, daftari likanywea. Mwezi wa Februari ploti iliyo wazi jirani yangu hupasuka nyufa za kuzamisha mkono hadi kwenye kiwiko. Humo wanangu wamepoteza kijiko, mipira miwili ya tenisi na funguo za geti. Aprili nyufa zote zinafungika, na ukikatiza hapo na viatu unafika ng'ambo ukiwa mrefu zaidi kwa inchi tatu. Nguvu ya kufura huko huinua nyumba ndogo bila shida. Ghorofa zito hulikandamiza daftari. Kibanda cha vyumba vitatu kama changu hupanda juu yake kama mtoto mgongoni.

Jambo ambalo fundi hakulisema, nami nikalielewa baadaye, ni kwamba udongo huu ukiachiwa nyasi zake hupanda na kushuka karibu kwa usawa. Ng'ombe wa Wamaasai walilisha juu yake vizazi kwa vizazi na hakuna aliyeona kasoro. Kutolingana tunakuleta sisi. Mimi nilitandaza paa, kwa hiyo katikati ya nyumba hapalowi wala hapakauki kama pembeni. Nilitoa bomba la maji machafu ya jikoni na kuliachia palepale konani, futi mbili kutoka ukutani, ambapo hulowesha udongo mwaka mzima. Upande wa pili nilipanda mikalitusi miwili kwa ajili ya kivuli, na mkalitusi hunywa maji kama ngamia. Nikawa nimelilowesha daftari upande mmoja na kulikausha upande wa pili, kisha nikashangaa limejikunja.

Na bado kuna suala la msingi wa nyumba. Mzee alikuwa ameniambia tuchimbe mpaka tuguse mwamba, tutoe weusi wote, tujaze mawe na maramu. Kwenye ploti yangu mwamba ulikuwa futi 5 chini. Nilipiga hesabu ya malori, nikamwambia aishie futi 3. Sikuhongwa na mtu wala Mungu hakuhusika.

Hata huo udongo wa futi 3 ulijaza lori mara kadhaa. Nilimuuliza dereva anaupeleka wapi. “Huko chini,” akajibu, akionyesha kwa kidevu upande wa mtoni.

Nairobi, maneno “huko chini” yana ramani yake. Jiji limelala kwenye mteremko. Upande wa magharibi, Karen na Dagoretti ziko zaidi ya mita 1,800 juu ya usawa wa bahari. Mashariki, Njiru na Ruai zinashuka kuelekea mita 1,500. Mito ya Nairobi, Mathare na Ngong yote hukimbilia mashariki na mwisho wake ni mto Athi. Wajenzi wa reli walipofika mwaka 1899 walipiga kambi hapa kwa sababu ya ardhi hiyohiyo: ilikuwa sehemu tambarare ya mwisho kabla ya kupanda Kikuyu na kuteremka bondeni, na kulikuwa na yale maji baridi ambayo kwa Kimaasai ndiyo yaliyoupa mji jina. Karakana wakaiweka penye majimaji. Mwaka 1902 tauni ilizuka na bazaa ya Wahindi ikachomwa moto. Madaktari waliandika wakilalamika kwamba mahali hapa hapakauki na mji uhamishwe. Haukuhamishwa. Utawala wa kikoloni uliwapanga watu kwa mwinuko: Wazungu juu kwenye udongo mwekundu, Waafrika mashariki kwenye udongo mweusi usiopitisha maji. Sisemi udongo ndio uliozaa ubaguzi. Ubaguzi ulikuja na watu, ila ulijua kusoma ardhi. Mpaka leo bei ya ploti inaufuata mstari uleule kwa kiasi kikubwa, na ndiyo sababu mimi niko Utawala na siko Karen.

Basi kila kitu kinachosogezwa juu hushuka kwa mtu fulani chini. Ukisakafia ua wako Kilimani, maji ambayo udongo mwekundu ungeyanywa yanaingia mtaroni, yanaingia mtoni, na saa chache baadaye yako mlangoni mwa mtu Korogocho. Mvua haijalazimika kuongezeka hata tone.

Mawe nayo yana safari yake. Majengo mengi ya mawe ya kijivu unayoyaona mjini yametokana na majivu ya volkano yaliyogandamana, jiwe jepesi kukatika, lililochimbwa ndani na kandokando ya jiji. Siku hizi watu hutaka jiwe la Ndarugo kutoka upande wa Juja, lakini matimbo ya Njiru bado yanatoa. Swali ambalo hakuna anayeuliza akiwa ndani ya nyumba ya mawe ni shimo liko wapi. Moja tunalijua sana: dampo la Dandora, lililoanza kutumika katikati ya miaka ya 1970, liliwekwa kwenye timbo la zamani kando ya mto Nairobi. Jiwe lilitoka shimoni likapanda kuwa jengo mjini, kisha taka za jengo zikateremka kulijaza shimo. Mwaka 2001 lilitangazwa limejaa. Malori hayajasikia. Timbo huwa limekatwa ndani ya mwamba wenye nyufa, na chini yake hakuna kizuizi kilichotandazwa, kwa hiyo maji meusi yanayovuja humo hayakosi njia. Wanajiolojia wanakadiria kwamba binadamu leo husogeza mwamba na udongo mwingi kwa mwaka kuliko mito yote ya dunia ikijumlishwa. Zamani nilidhani hayo ni maneno ya kutisha watu. Kisha nikahesabu malori ya kokoto na mchanga niliyopishana nayo asubuhi moja tu kwenye barabara ya Kangundo.

Mchanga ndio unaoniuma zaidi, pengine kwa sababu fundi wangu ni mtu wa huko unakotoka. Mito ya Machakos, Makueni na Kajiado mingi hukauka juu, lakini maji hubaki ndani ya mchanga, yamejificha jua lisiyafikie. Kina mama huchimba kishimo mtoni wakati wa kiangazi na kuchota kwa kata. Ukiupakia mchanga kwenye lori ukauleta Nairobi, umebeba pia tangi la maji la kijiji. Mto unabaki mwamba mtupu. Mvua ikinyesha maji yanapita mbio na kuporomosha kingo. Kaunti ya Makueni ilitunga sheria ya mchanga mwaka 2015 kwa sababu hiyo. Mzee aliniambia kisima cha mama yake cha mtoni kilikwisha akiwa kijana. Alisema hivyo huku akichekecha mchanga wa plasta yangu. Sikumuuliza ulitoka mto gani.

Chini zaidi ya hapo kuna maji mengine. Nairobi hupata maji mengi ya bomba kutoka milima ya Aberdare, hasa bwawa la Ndakaini lililokamilika katikati ya miaka ya 1990, lakini mgao haututoshi, na huku kwetu bomba hukohoa hewa siku nyingi. Kwa hiyo tunatoboa. Kila mtaa mpya una kisima chake kirefu na tangi lake juu ya mnara. Maji yanayovutwa ni mvua iliyonyesha zamani sana kwenye nyanda za juu za Limuru, Kikuyu na Ngong, ikazama kati ya tabaka za lava na mashapo ya maziwa ya kale, ikatambaa kuja mashariki polepole. Wachimbaji wa zamani waliyapata karibu. Siku hizi mtambo huenda mita 200, mahali pengine 300 na zaidi, kwa sababu tunavuta kuliko yanavyorudi, na kila ua unaosakafiwa kule juu unapunguza yanayorudi.

Kisha kuna floraidi. Miamba ya volkano ya Bonde la Ufa ina madini hayo kwa wingi, na kadiri maji yanavyokaa ndani yake ndivyo yanavyozidi kuyayeyusha. Kiwango cha juu kinachoshauriwa na Shirika la Afya Duniani ni miligramu 1.5 kwa lita. Visima vingi vya eneo hili huvuka hapo. Mtoto akiyanywa wakati meno ya utu uzima yanajijenga, meno hutoka na madoa ya kahawia. Watu huita maji ya visima hivyo “maji ya chumvi” na kudhani ukiyachemsha umeyatibu. Kuchemsha huua vijidudu, lakini floraidi haiguswi. Maji yakipungua sufuriani, hiyo hubaki na kukolea. Ufisadi hauna mkono katika mwamba wenye floraidi, ni kweli. Ila mtoto hangeyanywa maji ya mita 250 chini kama bomba la juu lingekuwa na maji.

Nilitaja Mai Mahiu. Machi 2018, baada ya mvua kubwa, ardhi ilipasuka upande wa Suswa, korongo refu likakata barabara ya Narok, na mitandao ya dunia nzima ikatangaza kwamba Afrika inagawanyika mbele ya macho yetu. Bonde la Ufa linapanuka kweli, kwa milimita chache kwa mwaka, polepole kuliko kucha zinavyoota. Mwendo huo haufungui korongo usiku mmoja. Eneo lile limefunikwa na majivu laini ya volkano za Suswa na Longonot, na chini ya majivu hayo kuna nyufa za kale zilizojazwa. Wanajiolojia wengi waliofika pale walieleza kwamba maji ya mvua yalikuwa yakisomba majivu chini kwa chini, yakachonga mapango, mpaka siku dari likaanguka. Ufa ulikuwa wa kale, mvua ikaufukua, na barabara ikawa imepita juu yake. Korongo likajazwa mawe, magari yakaendelea.

Huko huko Mai Mahiu, alfajiri ya tarehe 29 Aprili 2024 haikuwa na nafasi ya mijadala kama hiyo. Maji yalishuka kutoka ukingo wa Kijabe yakikokota magogo, matope na mawe makubwa, yakasomba nyumba watu wakiwa usingizini, na zaidi ya watu 40 wakafa. Mwanzo ilisemekana bwawa limepasuka. Baadaye maofisa wa serikali walieleza kwamba njia ya maji iliyo chini ya tuta la reli ilizibwa na miti na matope, maji yakajikusanya nyuma ya tuta hadi yakapata nguvu ya kulipasua. Sasa ligawe jambo hilo katika kambi mbili kama unaweza. Ukingo ni kazi ya Bonde la Ufa. Majivu yanayomomonyoka ni kazi ya volkano. Mvua ilikuwa kubwa mno mwaka ule. Tuta ni letu, tundu lililoachwa lizibe ni letu, na nyumba zilizokuwa kwenye mkondo ni zetu. Ukiondoa lolote kati ya hayo, hadithi inabadilika. Anayesema “ni maumbile” na anayesema “ni watu” kila mmoja ameshika kipande cha ukweli, na ninavyoona, anayefaidika na ubishi wao ni yule aliyepaswa kuzibua tundu.

Matetemeko huwa hatuyafikirii, nami sitakaa hapo sana. Julai 2007 magma, yaani mwamba ulioyeyuka, ilijipenyeza chini ya ardhi kaskazini mwa Tanzania, karibu na volkano ya Oldoinyo Lengai, na Nairobi ikatikisika kwa siku kadhaa. Nakumbuka watu wakishuka ngazi za ofisi mjini na vikombe vya chai mkononi. Tetemeko la Subukia la Januari 1928 lilikuwa na ukubwa wa karibu 6.9, na Subukia si mbali. Binadamu naye huweza kuitingisha ardhi: ziwa la bwawa la Kariba, mpakani mwa Zambia na Zimbabwe, lilipojaa, uzito wa maji ulichochea matetemeko, na la mwaka 1963 lilikuwa na ukubwa wa karibu 6. Upande wa faida, joto lilelile linalosukuma magma ndilo linalowasha taa yangu. Mtambo wa kwanza wa umeme wa mvuke wa ardhini huko Olkaria, karibu na Naivasha, ulianza mwaka 1981 kwa megawati 15, na leo mvuke hutoa karibu asilimia 40 ya umeme wa Kenya. Huko nako kuna deni: Wairakei, New Zealand, walivuta maji moto kwa miongo kadhaa mpaka sehemu ya ardhi ikazama zaidi ya mita 10, ndiyo maana maji yaliyotumika hurudishwa chini.

Nirudi kwenye ukuta. Bomba la jikoni nimelihamisha, sasa linatoka mita 4 mbali na msingi. Mikalitusi nilitaka kuikata siku hiyohiyo, lakini mzee akanizuia mkono. Miti ikiondoka ghafla, alisema, maji iliyokuwa ikiyanywa yatabaki udongoni, upande mkavu utafura, na nyumba itapinduka kwenda kule ilikotoka. Tunaipogoa kidogo kidogo, tawi kwa tawi, kwa misimu miwili mitatu.

Kabla hajaondoka aliomba kipande cha kioo. Nikampa cha picha iliyovunjika. Akakikata upana wa vidole viwili, akakibandika juu ya ufa kwa plasta kila upande, akaandika tarehe pembeni kwa msumari. Kioo kikivunjika, alisema, udongo bado unatembea, na hakuna haja ya kupaka rangi.

Cha kwanza kilidumu siku 19. Cha pili kina miezi mitatu sasa, na mvua za vuli bado hazijaanza.